Thunderbolt au Mustang? Jibu kwa ndugu wawili wanaobishana

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu ndege za kivita za Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Yeye anasema P-51 Mustang ndiyo iliyoshinda vita vya angani Ulaya, na ananionyesha hesabu ya ndege za adui ilizotungua. Mimi nasema P-47 Thunderbolt ilikuwa ngumu zaidi na yenye silaha nyingi zaidi. P-38 Lightning hatujui tuiweke wapi. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako amefika kwenye jibu zuri kwa hesabu isiyomsaidia. Wewe una ushahidi mzuri, ila unajibu swali jingine. Nitaeleza kwa urefu, maana ubishi huu upo tangu vita havijaisha, na mara nyingi unaamuliwa kwa ushabiki.

Kosa linaanzia kwenye majedwali. Mtu anachukua kasi ya juu, idadi ya bunduki na nguvu za injini, anaziweka safu kwa safu, kisha anatangaza mshindi. Jedwali la namna hiyo halikuambii mapambano yalikuwa wapi, kwenye kimo gani, wala rubani alikuwa amebakiwa na mafuta kiasi gani alipokutana na adui. Kwa Ulaya ya mwaka 1943 na 1944, mafuta ndiyo yaliyoamua.

Tuanze na kazi yenyewe. Jeshi la Anga la Nane la Marekani, lenye viwanja vyake mashariki mwa Uingereza, lilikuwa likituma ndege za mabomu aina ya B-17 na B-24 kupiga viwanda vya Ujerumani mchana kweupe. Zilikwenda kwenye kimo cha futi 20,000 na zaidi, kwenye baridi ya kugandisha vidole na hewa nyembamba ambayo binadamu hawezi kuipumua kwa muda mrefu bila barakoa ya oksijeni. Wajerumani walizisubiri huko huko juu. Ndege ya kuzisindikiza ilihitaji mambo mawili kwa pamoja: injini isiyoishiwa pumzi kwenye kimo kile, na mafuta ya kwenda, ya kupigana na ya kurudi nyumbani. Ndege nyingi za wakati ule zilikuwa na moja kati ya hayo mawili.

Injini ya pistoni inakula hewa sawasawa na inavyokula mafuta. Ukifika futi 25,000, hewa iliyomo katika mita moja ya ujazo ina uzito chini ya nusu ya ile ya usawa wa bahari. Usipoishindilia hewa hiyo kabla ya kuiingiza kwenye silinda, injini inalegea. Kampuni ya Republic iliyounda Thunderbolt huko Farmingdale, jimbo la New York, ilitumia tabo. Moshi wa injini ulisafirishwa kwa mabomba marefu hadi nyuma ya rubani, ukazungusha mtambo wa kushindilia hewa, na hewa hiyo ikapozwa na kurudishwa mbele kwenye injini. Ndiyo sababu P-47 ina tumbo kubwa vile. Aliyeichora, Alexander Kartveli, mzaliwa wa Tbilisi huko Georgia, aliujenga mwili kuuzunguka mfumo huo wa hewa. Injini yake, Pratt & Whitney R-2800, ilikuwa na silinda 18 zilizopozwa kwa upepo na ujazo wa lita 46. Ilitoa nguvu farasi 2,000, na baadaye zaidi ya 2,300 kwa muda mfupi, pale ilipowekewa mfumo wa kurushia maji ndani ya silinda. Ndege hiyo ilipaa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1941. Ikiwa imejaa mafuta na risasi ilikuwa na uzito wa takriban tani sita na nusu, mzigo mkubwa mno kwa ndege ya mtu mmoja na injini moja.

Mustang ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa ikitafuta ndege popote zilipopatikana, ikaiendea kampuni ya North American ya California. Timu iliyoongozwa na Edgar Schmued, Mjerumani kwa kuzaliwa aliyehamia Marekani, ilichora ndege mpya badala ya kunakili ya wengine, na tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo ikapaa. Umbo lake lilikuwa safi ajabu, lakini injini ya Allison iliyofungwa humo ilikuwa na supachaja (mtambo wa kushindilia hewa unaozungushwa na injini yenyewe) ya hatua moja tu. Ikipita futi 15,000 nguvu zilianza kuisha. Waingereza waliipenda kwa upelelezi na mashambulizi ya chini, basi. Tarehe 30 Aprili 1942 Ronald Harker, rubani wa majaribio wa Rolls-Royce, aliirusha akaona kwamba kasoro ni injini, mwili hauna neno. Akapendekeza ifungwe Merlin, injini ya Rolls-Royce, yenye supachaja ya hatua mbili. Injini hiyo ilikuwa tayari inaundwa pia Marekani kwa leseni, na kiwanda cha Packard cha Detroit, na P-51 ya kwanza ya Marekani yenye Merlin ikapaa tarehe 30 Novemba 1942. Matoleo yaliyoingia vitani, B na kisha D, yalikimbia karibu kilomita 700 kwa saa.

Kwa hiyo juu ya futi 25,000 ndege zote mbili zilikuwa hodari. Oktoba 1944, marubani wa majeshi na wa viwanda walikutana kwenye kituo cha Patuxent River, Maryland, wakazirusha kwa zamu ndege nyingi za kivita za Marekani na washirika wake. Walipoulizwa ipi bora juu ya futi 25,000, kundi kubwa zaidi liliitaja P-47, Mustang ikifuata. Mwonyeshe kaka yako hilo, atulie kidogo. Kwenye kupiga mbizi, Thunderbolt iliwaacha karibu wote. Udhaifu wake wa mwanzo ulikuwa kupanda polepole, na huo ulipungua sana majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944 ilipofungwa propela mpya zenye makasia mapana.

Basi kama zilikuwa zinakaribiana hivyo, kwa nini mwisho wa vita vikosi 14 kati ya 15 vya ndege za kivita vya Jeshi la Anga la Nane vilikuwa na Mustang?

Tarehe 17 Agosti 1943 Wamarekani walipeleka ndege 376 za mabomu kupiga Regensburg na Schweinfurt. Ndege 60 hazikurudi. Thunderbolt zilizisindikiza hadi karibu na Eupen, Ubelgiji, mpakani kabisa mwa Ujerumani, kisha zikalazimika kugeuza kwa sababu ya mafuta. Wajerumani walikuwa wanalijua hilo. Walingoja ndege za kusindikiza zigeuke, ndipo wakashambulia. Tarehe 14 Oktoba Schweinfurt ikapigwa tena kwa ndege 291, na nyingine 60 zikapotea. Kila moja ilikuwa na watu kumi. Nikisoma ubishi wa nani alikuwa na bunduki sita na nani nane, huwa nawafikiria watu hao mia sita wa siku moja. Mustang yenye Merlin ilikuwa bado haijafika vitani, na Thunderbolt, kwa ubora wake wote, ilikuwa imeshageuka. Ndege ya kusindikiza isiyokuwepo, kasi yake ni sifuri.

Sasa tazama umbali. Bila tangi la nje, P-47 ya mwaka 1943 ilisindikiza hadi kilomita 370 hivi kutoka kiwanjani. Ikipewa tangi moja la nje la galoni 75 ilifika 550, na la galoni 108 ilifika 600. Mapema 1944, ikiwa na matangi mawili makubwa, ilifika takriban 765. P-51 bila tangi lolote la nje ilifika hizo hizo 765. Ikibeba mawili ya galoni 75 ilikwenda kilomita 1,045, na mawili ya galoni 108 yaliifikisha 1,370. Berlin iko karibu kilomita 900 kutoka viwanja vile vya mashariki mwa Uingereza. Soma hesabu hizo mara mbili, ubishi mwingi unaisha hapo.

Wengi hudhani siri ilikuwa matangi ya nje. Yalisaidia, tena sana. Waingereza walifikia hata kuyatengeneza kwa karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi, kwa sababu tangi linatupwa na bati lilikuwa adimu. Lakini tangi la nje linakupeleka tu, halikurudishi. Adui akitokea unalitupa, maana huwezi kupigana huku umelibeba. Kuanzia dakika hiyo unapigana na kurudi nyumbani kwa mafuta yaliyomo ndani ya ndege. Mpaka wa safari basi unawekwa na tangi la ndani pamoja na ulaji wa mafuta. P-47 za wakati ule zilibeba ndani lita 1,155. Mustang ilibeba lita 1,018. Umeona? Iliyokwenda mbali zaidi ndiyo iliyokuwa na mafuta machache.

Tofauti iko kwenye ulaji. Merlin ilikuwa na ujazo wa lita 27, dhidi ya 46 za R-2800. Mustang iliyojaa ilikuwa na uzito wa tani nne na nusu hivi, pungufu ya Thunderbolt kwa karibu tani mbili. Na upepo uliipita bila kuishika. Mabawa yake yalichorwa ili hewa iteleze juu yake kwa utulivu, na rejeta ilifichwa chini ya tumbo kwenye mfereji uliopangwa kwa makini, kiasi kwamba hewa iliyopashwa moto humo ilitoka nyuma kwa kasi na kufidia sehemu ya upinzani ambao rejeta yenyewe iliuleta. Mimi ni mtu wa injini kwa mafunzo, na bado naukiri ukweli huu: kilichoifikisha Mustang Berlin ni umbo lake kuliko nguvu za injini yake.

Hata hivyo safari hiyo ilikuwa na bei. Ili kufikisha lita 1,018, waliongeza tangi la lita 320 nyuma ya kiti cha rubani. Likiwa limejaa, uzito ulikimbilia mkiani na ndege ikawa ya hatari. Rubani akikata kona kali, usukani uliacha kumpinga ukaanza kumvutia ndani zaidi ya kona. Ikawa desturi kulichoma sehemu kubwa ya tangi hilo mwanzoni mwa safari, ndipo ukaanza kutumia ya nje. P-51B ilikuwa pia na bunduki nne tu za rashasha, tena zilizolazwa upande ndani ya bawa, zikawa zinakwama ndege ikipiga kona kwa nguvu. Toleo la D likarekebisha hilo na kuweka sita. Kwa upande huo wewe umesema kweli: Thunderbolt ilikuwa na bunduki nane tangu mwanzo na haikuwa na mikosi hiyo.

Kikosi cha kwanza cha Mustang zenye Merlin, cha 354, kilianza kazi Desemba 1943. Tarehe 11 Januari 1944, karibu na Oschersleben, James Howard, aliyekiongoza siku hiyo, alijikuta peke yake na kundi la B-17 lililokuwa likishambuliwa. Akalilinda kwa karibu nusu saa, akiwarudia Wajerumani tena na tena hata baada ya baadhi ya bunduki zake kunyamaza. Alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake, rubani pekee wa ndege za kivita aliyeipata kwa mapambano ya Ulaya Kaskazini Magharibi. Ushujaa ulikuwa wake, lakini angalia pia mahali: Oschersleben iko ndani kabisa ya Ujerumani, ambako Thunderbolt ya siku zile isingefika.

Jambo jingine lilitokea mwezi huo huo, na kwa maoni yangu lina uzito kama Mustang yenyewe. Jenerali James Doolittle alichukua uongozi wa Jeshi la Anga la Nane, akabadilisha amri. Kabla yake ndege za kivita zilitakiwa zishikamane na ndege za mabomu. Yeye akaziachia zimfuate Mjerumani popote alipo, zimtangulie, zimfukuze hadi kiwanjani kwake. Ikafuata wiki ya mashambulizi makubwa kwenye viwanda vya ndege, tarehe 20 hadi 25 Februari, kisha Berlin mwanzoni mwa Machi. Tarehe 6 Machi Wamarekani walipoteza ndege 69 za mabomu, hasara ya kutisha, lakini safari hii Mjerumani naye alilipa. Kati ya Januari na Mei 1944 Ujerumani ilipoteza marubani wa ndege za kivita zaidi ya 2,000, karibu sawa na idadi yote iliyokuwa kazini kwa wakati mmoja. Viwanda vyake viliendelea kutoa ndege. Marubani wenye uzoefu hawakuwa na kiwanda.

Hapo ndipo hesabu ya kaka yako inapoanza kuyumba. Anasema Mustang zilitungua ndege karibu 4,950 katika vita dhidi ya Ujerumani, na Thunderbolt zaidi kidogo ya 3,000. Idadi hizo zipo kwenye kumbukumbu, siwezi kuzikataa. Lakini zinaeleza mambo mangapi kwa pamoja! Mustang nyingi zilifika wakati adui alikuwa ameshaanza kuishiwa watu, akiwapandisha angani vijana wenye mafunzo mafupi. Ni kama kulinganisha magoli ya washambuliaji wawili, mmoja aliyecheza mzunguko wa kwanza dhidi ya mabeki wazima, na mwingine aliyeingia mzunguko wa pili mabeki hao wakiwa wameumia. Thunderbolt zilikutana na Wajerumani wa 1943, watu waliokuwa vitani tangu Poland na Ufaransa, na ndizo zilizoanza kuwamaliza. Sehemu kubwa ya usindikizaji katika wiki ile ya Februari ilifanywa bado na Thunderbolt, kwa sababu Mustang zilikuwa chache.

Kisha mpe hii. Kikosi kilichotungua ndege nyingi zaidi angani katika Jeshi zima la Anga la Nane ni cha 56, kilicholelewa na Hubert Zemke. Kikosi hicho kilibaki na P-47 mwanzo hadi mwisho, wenzao wote 14 walipohamia Mustang. Francis Gabreski, mwenye ndege 28, na Robert Johnson, mwenye 27, walitoka humo. Kama ndege ingekuwa ndiyo kila kitu, jambo hilo lisingewezekana. Kikosi cha 56 kiliijua ndege yake: hawakushindana kukata kona na Mjerumani, walimshukia kutoka juu, wakapiga, wakatumia kasi ile ile kupanda tena. Kikosi cha 4, chenye marubani wengi waliozoea Spitfire ya Waingereza, hakikuipenda Thunderbolt hata siku moja. Kiongozi wao Don Blakeslee alihangaika mpaka wakapewa Mustang mwishoni mwa Februari 1944, na huko waling'ara. Ndege ile ile ya P-47, vikosi viwili, matokeo mbalimbali.

Hesabu za hasara nazo zina mtego. Katika vita vya Ulaya, P-47 ziliruka safari za kivita takriban 423,000 na kupoteza ndege 3,000 na kidogo, yaani chini ya moja katika kila safari mia. P-51 ziliruka takriban 213,000 na kupoteza kama 2,500, zaidi kidogo ya moja katika mia. P-38 ilikaa kwenye moja na nusu hivi. Najua utaruka kwa furaha ukiona hivyo, lakini ngoja. Safari ya Mustang kwenda Berlin na kurudi ilikuwa ya saa nyingi juu ya nchi ya adui. Safari ya Thunderbolt kutoka kiwanja cha muda huko Normandy, kiangazi cha 1944, mara nyingine ilikuwa ya kuvuka mstari wa mbele, kuangusha mabomu na kurudi. Kupoteza ndege moja kwa safari si kipimo sawa ikiwa safari zenyewe si sawa. Ninachoweza kukupa bila wasiwasi ni hiki: Thunderbolt zilifanya kazi nyingi ya kupiga shabaha za ardhini, kazi inayoua ndege kuliko nyingine yoyote, na bado zilirudi kwa uwiano huo. Hilo ni jambo kubwa.

Ugumu wake si hadithi. Tarehe 26 Juni 1943 Robert Johnson alipigwa vibaya juu ya Ufaransa, kioo cha chumba chake kikakwama asiweze kuruka na mwavuli. Mjerumani mmoja akamfuata na kummiminia risasi mpaka zikamwishia. Ndege iliendelea kuruka, Johnson akatua Uingereza. Injini ya silinda 18 inayopozwa kwa upepo inaweza kupoteza silinda moja au mbili na kuendelea kukung'uta. Mustang ilipozwa kwa maji, na rejeta yake ipo chini ya tumbo, upande ule ule unaotazama bunduki za ardhini. Risasi moja ndogo ya askari wa miguu ikitoboa bomba, maji yanavuja, na rubani anabaki na dakika chache za kutafuta pa kuanguka. Hata hivyo hakuna ndege isiyoweza kuuawa na ardhi: Gabreski mwenyewe, akiwa ndani ya P-47, alishuka chini mno akipiga kiwanja cha Bassenheim tarehe 20 Julai 1944, propela ikagusa udongo, akaanguka na kutekwa.

Makamanda waliuona mgawanyo huu wa kazi mapema. Mwishoni mwa Januari 1944 Jeshi la Anga la Nane lililokuwa likisindikiza lilibadilishana vikosi na Jeshi la Anga la Tisa lililokuwa likijiandaa kusaidia majeshi ya ardhini: la Nane likachukua kikosi cha 357 chenye Mustang, la Tisa likapewa cha 358 chenye Thunderbolt. Huko Normandy, chini ya Jenerali Elwood Quesada, vifaru vya mbele vilifungwa redio za ndege na kupakiwa rubani aliyewaelekeza wenzake waliokuwa angani. Thunderbolt zikazunguka juu ya msafara, zikiitwa kila lilipotokea bunduki la kuzuia njia. Uingereza nayo ilipewa Thunderbolt mamia kadhaa, ikazipeleka karibu zote Asia. Zilipiga ngome za Wajapani Burma kuanzia Septemba 1944, katika kampeni ile ile ambayo askari wa King's African Rifles wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakishuka bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Babu zetu waliokuwa kwenye matope yale walikuwa na haki ya kuwa na maoni kuhusu ndege hii.

P-38 mmeiweka kando, nami nitaipa nafasi fupi, ingawa nikitazama Pasifiki haistahili ufupi. Lockheed waliirusha mara ya kwanza Januari 1939, injini mbili zenye tabo, mikia miwili, bunduki nne na mzinga mmoja wa milimita 20 vyote puani, vikipiga mbele moja kwa moja. Ulaya iliiumiza. Kwenye kimo kile chumba cha rubani kiliganda, maana injini ziko mbali na hakuna joto linalomfikia. Injini za Allison na mifumo yake ya kupoza hewa vilisumbuana na baridi ile, zikaharibika zikiwa mbali na nyumbani. Adui akikushtukiza, ulikuwa na mambo mengi ya kugeuza kwa mikono miwili kabla hujawa tayari kupigana. Na ikipiga mbizi kutoka juu sana, hewa ilijisonga kwenye mabawa na usukani ukakataa kutii, mpaka baadaye ilipofungwa vibao maalumu chini ya mabawa. Pasifiki mambo yaligeuka. Joto lilikuwepo, mapambano mengi yalikuwa chini zaidi, na juu ya bahari isiyo na mwisho injini ya pili ni uhai. Tarehe 18 Aprili 1943 Lightning kutoka Guadalcanal zilisafiri chini chini juu ya maji hadi Bougainville, zikaitungua ndege ya Admirali Yamamoto. Richard Bong aliyetungua 40 na Thomas McGuire aliyetungua 38, Wamarekani wawili wa juu kabisa katika vita vile, wote walikuwa wa P-38. Ukitaka kuona jinsi mahali panavyobadilisha thamani ya ndege, Lightning ndiyo mfano.

Kuna kikosi kingine ambacho ningependa mkisome nyote wawili. Ni cha 332, cha marubani Wamarekani Weusi, chini ya Benjamin O. Davis Mdogo, kilichokuwa Italia. Kilitumia Thunderbolt kwa muda mfupi katikati ya 1944, kisha Mustang kuanzia Julai. Tarehe 24 Machi 1945 kilisindikiza ndege za mabomu kutoka Italia hadi Berlin, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500 kwenda na kurudi, na njiani marubani wake wakatungua Me 262 tatu, ndege za jeti zilizokuwa na kasi kuliko Mustang kwa mbali. Vijana ambao nchi yao ilikuwa ikitilia shaka uwezo wao wa kurusha ndege waliifanya mojawapo ya safari ndefu za usindikizaji kuliko zote za vita vya Ulaya. Kwa Thunderbolt walizoachiwa mwaka uliotangulia, safari hiyo isingepangwa hata kwenye ramani.

Mniulize pia kuhusu fedha, kwa kuwa serikali iliuliza. Mwaka 1944 Mustang moja iliigharimu Marekani takriban dola 51,000, Thunderbolt 85,000, na Lightning 97,000. Republic baadaye walitatua tatizo la umbali kwa toleo la P-47N, wakaweka mafuta ndani ya mabawa, na mwaka 1945 likawa linasafiri masafa marefu sana kuelekea Japani. Kwa Ulaya lilichelewa. Mustang ilikuwa nafuu, ipo, na inafika, tena katika miezi ile ambayo kufika kulikuwa ndiko kila kitu. Hapo kaka yako anashinda, nami nakubaliana naye bila kusita.

Ila ushahidi wako haukupotea bure. Baada ya vita Wamarekani walibaki na Mustang, na Thunderbolt wakaziweka kando au kuzigawa kwa vikosi vya akiba na nchi rafiki. Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, Mustang, wakati huo zikiitwa F-51, zilipelekwa kupiga misafara, mizinga na mahandaki. Kazi ya Berlin haikuwepo tena. Iliyokuwepo ni ile ya Normandy. Nyingi zilipotea kwa risasi za ardhini, mara nyingi kwa sababu ile ile ya rejeta na maji yake. Jenerali George Stratemeyer, aliyeongoza vikosi vya anga vya Marekani vya Mashariki ya Mbali, aliomba apelekewe Thunderbolt. Alijibiwa kwamba hazipo za kutosha na vipuri vyake ni haba, na Mustang zikaendelea kushuka kwenye mabonde yale hadi mwanzoni mwa 1953.